Bwana yenye tele ilimukuta na mwiko

Hapana, hakumupigaka. Ninajua njo ile munataka kuuliza, basi ninajibu mbele. Hakumupiga, hakukuwa na bibi mungine kule Kipushi, na pombe alikuwa anakunywa siku ya Mungu tu, chupa moya, usingizi inamukamata na chupa haiyaisha. Nyumba ikivunjika, bantu banapenda bapate kintu ya kuonesha na kidole: damu, mwanamuke wa inje, pombe kali ya lutuku. Mu ile nyumba hamukukuwa ata kimoya. Mulikuwa bukari, ugali yetu.

Ni nyumba ya mujukulu yangu. Mama yake alikufwa yeye angali wa kubeba ku mugongo, miye njo nilimukomalisha. Wakati ya kuolewa alisema, "Nkambo, siende pashipo weye." Balinipatia chumba ya nyuma mu lupango yabo, ile kiwanja yenye ukuta na mulango, mutaa ya Hewa Bora. Mujukulu eko anaendesha kamyo ya mine, kule machimbo, ile munene yenye gurudumu moya inamupita muntu kwa urefu. Siku ya kwanza alinionesha picha, nilimuuliza, "Na ku kiti unapandaka na nini, na sala?" Alicheka mupaka machozi. Anapenda ile kamyo. Akizungumuza juu yake, sauti inageuka, inakuwa sawa ya mama anazungumuza juu ya mutoto mwenye akili.

Bwana yake ni fundi ya frigo, ao friji. Anatumikia palepale mu lupango, chini ya mabati, frigo za bantu zimejipanga sawa bagonjwa ku hopitali. Muntu wa kimya, mikono inanukia mafuta. Kwetu nkambo na bwana ya mujukulu banachezaka sawa bibi na bwana, munajua. Yeye ananiita "muke mukubwa", miye "bwana yangu". Asubui anapita ku mulango yangu:

"Muke mukubwa, ulilala muzuri?"

"Nitalala namna gani? Unakoroma kwa ule mwingine, miye huku ukuta inanitetemekea."

Na mujukulu kule ndani, na ile sauti ya kukwama usingizi, "Munaanza? Jua haiyatoka munaanza?"

Sasa sikilizeni gisi tulikuwa tunaishi. Bisi ya kompanyi inamukamata mujukulu kungali giza, inamurudisha magaribi. Ingine wiki inageuka, anatumika usiku, anarudi asubui sawa muntu wa kufufuka. Basi bukari nani anakoroga? Miye mikono yangu ilikwisha. Bukari ya bantu batano inataka bega. Anakoroga mwenye kuwa karibu na moto, na mwenye kuwa karibu na moto ni fundi. Frigo iko hapa, mbabula, jiko ya makala, iko pale. Anaacha tournevis, bisibisi yake, anakamata mwiko, anaacha mwiko, anakamata tournevis. Ile kintu haikukuwa na jina. Haikukuwa mapinduzi, haikukuwa haya. Ilikuwa njala ya saa sita.

Na haikukuwa kwetu peke. Babwana bengi ba Hewa Bora kazi ilibakimbia. Bamama njo banatoka, soko, mupaka, wapi na wapi, babwana banapika. Lakini ilikuwa na heshima yake. Unafunga mulango ya lupango, unapika. Muntu akipiga hodi, mbele ya kumuitika, mwanamuke yeyote mwenye kuwa karibu anakuya anakamata mwiko. Bwana anapangusa mikono, anaenda kufungua sawa muntu wa kutoka kusoma Biblia. Pa kwetu ile ilikuwa kazi yangu. Hodi inalia, miye niko nakokota magoti yangu, ninaikala pa mbabula, ninashika mwiko. Mugeni anaingia: "Eeh, nkambo, ungali na nguvu!" Ninaitika, "Tutafanya nini, baba? Bwana ya hii nyumba ata kuwasha makala hajue." Bwana ya hii nyumba anainamisha kichwa mu frigo ya muntu, mabega inatikisika.

Na mugeni anajua. Kwake vilevile mama yake alikamata mwiko nusu saa mbele. Bote tunajua, bote tunafunga macho. Ni namna yetu ya kuvalisha bwana nguo.

Mwezi ya tatu, ule mwezi ya bamama, wakati kila mwanamuke wa muji anashonesha kitenge, kompanyi ilitaka kuonesha bamama yake. Tele moya ya hapa, televisheni ya muji, ikatuma bantu: kijana wa kamera, na dada mumoja wa mikrofone. Mutoto muzuri, sikatae. Lakini anasema Kiswahili ya ku vitabu, maneno inatokea puani sawa mwenye alizaliwa na mafua: "Mwanamke ni nguzo ya taifa! Mwanamke wa leo haogopi chochote!" Miye ninamuambia, "Mwanangu, miye ninaogopa panya." Kijana wa kamera akacheka, dada akaniangalia sawa nimekanyaga kitenge yake.

Bwana yangu alikuwa amengoja ile siku. Alivaa shati yenye alioleaka. Alipangusa frigo zote, ingine aliipaka rangi mupya, nyeupe sawa maziwa. Alikuwa anawaza: muji yote itaniona, bantu bataleta frigo zabo. Akaikala mbele ya kamera, akasema. Muntu wa kimya, ile siku alisema! Gisi alifundishwa na baba yake mudogo, gisi anasikia ugonjwa ya moteri na sikio mbele ya kufungua, gisi kipande ya zamani inaweza kutumika tena. Dada anaitika na kichwa: "Vizuri sana, baba. Vizuri sana." Miye pale pembeni nilikuwa nasikia fahari, nilikuwa naiga mudomo yake kimyakimya.

Kisha balikuwa bangojea bisi imulete mujukulu, ile wiki alikuwa anatumika usiku, bamukamate na kamera anaingia na kaske yake, kofia ya kazi. Bisi ikachelewa. Batoto babili ba mujukulu bakatoka ku masomo na njala. Maji ilikuwa inachemuka pa mbabula. Fundi akaangalia maji, akaangalia batoto, akaangalia bageni. Akaniambia polepole, "Muke mukubwa, unisaidie." Nikakamata mwiko. Bunga ikaanza kukaza, mikono yangu ikashindwa. Akaninyanganya, akawapatia bageni mugongo, akakoroga mbiombio amalize. Palepale nikasikia nyuma yetu viatu. Kijana alikuwa anageuza kamera.

Nikasimama nikamate mwiko. Ile ilikuwa kazi yangu.

"Hapana, nkambo, hapana!" Ni dada. "Ukae, usiguse! Baba, endelea hivyohivyo. Geuka kidogo. Cheka kidogo."

Bwana yangu akaniangalia. Mu lupango yetu mugeni habamukatazake kintu. "Ni bageni," alisema. Akageuka. Akacheka kidogo.

Siku ya kuonesha, tulitosha tele inje, tukaiweka juu ya frigo moya, bantu ba mitaa bakajaa mupaka ku barabara. Tukaona kamyo. Tukaona mujukulu anapanda ngazi ya chuma, kidogo sawa kipepeo ku ukuta. Bamama balipiga vigelegele. Nililia, sidanganye. Ni miye nilimubeba ku mugongo. Kisha muziki ikageuka, ikakuwa ya kuchezacheza, na sauti ya ule dada: "Na wakati mama anatawala machimbo, nyumbani nani anatawala sufuria?"

Na pale akatokea bwana yangu. Shati ya kuoleaka, mwiko, na kile kicheko kidogo chenye balimulomba.

Frigo haikuonekana ata moya. Tulingoja. Yeye aliikala mbele kabisa, shingo imenyooka, eko anangoja frigo yake nyeupe. Ikakuya habari ya mupira.

Bantu balicheka. Haikukuwa kicheko mubaya, ile siku. Yeye mwenyewe alicheka. "Balikata," alisema. "Bataonesha siku ingine."

Tele haikudanganya. Bukari alikoroga, ni kweli. Lakini muntu aliyesema asubui yote, balibakisha mukono yake peke.

Kisha muntu mumoja, hatujue nani, akakata ile kipande, akaiweka mu telefone. Akatosha sauti ya dada, akaweka kicheko ya bantu bengi, na sauti ya mwanamuke munene inaita: "Bwana weeee! Bukari iko wapi? Nimechoka miye!" Ile sauti haiko ya mujukulu. Mujukulu yangu hajamuitaka bwana yake vile. Lakini bantu bakisha kuisikia, njo ilikuwa sauti yake. Ku maji, basichana banaita, "Bwana weeee!" Mu nganda, kule banakunywea pombe, babwana banaambia mwenzao mwenye kunyamaza, "Uko sawa ule wa mwiko." Mutoto akililia chakula, banamuambia, "Enda kwa ule papa wa mwiko akukorogee." Batoto banachezea barabarani mama na baba, na mutoto mwanaume anakataa kukuwa baba: "Hapana, munataka kunipatia mwiko."

Mu kanisa pasta akasimama, nataka mumusikie, ule mwenye tumbo inafika mbele yake: "Mwanaume ni kichwa! Kichwa! Ninauliza, muliona wapi kichwa inakoroga bukari? Semeni amen!" Bakasema amen. Mama mumoja karibu yangu alipiga amen mupaka kitambaa ikaanguka. Ile asubui bwana yake alinilomba chumvi juu ya ukuta, moshi imemujaa macho.

Njo ile ilinitisha. Haikukuwa kicheko ya bageni. Ni shiye wenyewe. Kila lupango ilikuwa na bwana ya kupika, na kila lupango ilianza kusema, "Kwetu hapana. Kwetu mwanaume ni mwanaume." Bakisema mara mingi, bakaanza kuamini. Jirani yetu, mumoja wa Kivu, bibi yake anauzisha jumla ku soko, yeye alikuwa anapika maharagi yenye ilikuwa inaita bantu ku barabara tatu. Aliacha. Nilimuuliza juu ya ukuta, "Baba, na maharagi?"

"Mama, siwezi kukuwa sinema ya bantu."

"Na batoto?"

"Batangoja mama yabo."

Batoto balikuwa banangoja mupaka banalala pa kizingiti, sahani mu mikono.

Hodi nayo ilikufwa. Muntu hapige tena hodi na kungoja. Banasukuma mulango mbio, telefone mu mukono, bamukute. Bateja nabo. "Fundi eko? Ao eko ku sufuria?" Mama mumoja alikuya kukamata frigo yake, haiyatengenezwa. Alisema wazi, mbele yake: "Frigo ni kintu ya banaume, papa, usinikasirikie." Akaipakia ku pusu-pusu, gari ya kusukuma na mikono, akaenda.

Bantu balikuwa bananilomba, "Nkambo, weye unaiga kila muntu. Utuigie bwana yako na mwiko!" Nilibaigia pasta. Nilibaigia beye wenyewe. Ule hapana.

Siku moya akavaa ile shati, akaniambia, "Muke mukubwa, tuende ku muji." Tukaenda pa tele. Alinipeleka kwani mulinzi hafukuzake muzee ku mulango. Ule dada alitukuta ku mulango, mikono wazi: "Baba! Nyota wetu! Kipindi kilipendwa mno!"

Akasema polepole, "Mama, nilikuwa nalomba muoneshe frigo. Ata kidogo."

"Baba, kipindi kilikuwa juu ya wanawake."

Nikauliza miye, "Basi juu ya nini mulimuweka ndani?"

"Ili watu waone kwamba mambo yamebadilika, nkambo. Mama juu ya gari kubwa, baba jikoni. Tukiweka friji, watu watachanganyikiwa. Hawataelewa ni nani."

"Ni fundi mwenye kupika," nikasema.

Dada akacheka muzuri, akanishika bega. "Sisi tunawasaidia wanawake, nkambo."

"Huyu mwanamuke munamusaidia, akitoka ku kamyo eko anarudia kwa nani?"

Bantu balikuwa banamuita, akaenda. Na sisemi alikuwa mubaya. Alikuwa anafikiri anafungulia mujukulu yangu mulango, na mulango ikafunguka kweli. Hakuangalia nani alikuwa anasimama nyuma yake.

Mu taxi bwana yangu aliangalia inje mupaka nyumbani. Nilimuambia, "Bwana yangu, ule mutoto anakutamani, niliona macho." Kutoka ile siku hakupita tena ku mulango yangu asubui.

Na mwiko hakugusa tena. Tulikula mukate. Tulikula bukari yangu, ya mabongemabonge, batoto banatafuna sawa mawe. Mujukulu akisha kutumika usiku yote, anarudi, anapika. Nilimuambia, "Lala kwanza." Anasema, "Nkambo, acha. Akiniona ninapika, labda atasikia muzuri." Anafunga kitenge juu ya nguo ya kazi, anafungua mulango ya lupango wazi kabisa, ili bantu bamuone. Asubui, mbele ya muji yote. Alikuwa anapikia barabara, haiko shiye.

Asubui moya akalala akisimama. Niliona kichwa inaenda mbele. Nyungu ikageuka, maji yote ikamuangukia muguu.

Bwana yake alimubeba. Alikimbia naye ku mikono mupaka ku dispansere, miye nyuma. Alimuikalisha ku kiti, alipiga magoti, alikuwa anamupepea muguu na ile kofia yake. Infirmière, muuguzi ya pale, akakuya, akaona muguu, akauliza nini. "Maji ya bukari." Kisha akainua macho.

"Eeeh! Si njo weye? Ule wa mwiko! Papa, leo ulimumwangia bibi maji?"

Bagonjwa bakageuka. Mwenye homa alisahau homa. Niliona telefone moya inatoka, kisha ingine. Yeye alibaki palepale ku magoti, kofia mu mukono, na mujukulu yangu eko anang'ata kitenge juu ya maumivu. Nilipiga kelele, nilibaita majina yenye siwezi kurudilia hapa. Haikusaidia. Nikipiga kelele, bantu banacheka zaidi, bamezoea miye nibachekeshe.

Alimurudisha nyumbani. Alimulalisha, alimuwekea maji karibu. Kisha akakunja mashati yake, akaenda kwa baba yake mukubwa, Kipushi.

Mbele ya kuvunja nyumba, jamaa inaikala. Bakakuya: yeye, baba yake mukubwa, na shangazi yake. Kwetu ni miye na mujomba ya mujukulu. Tuliwaikalisha chini ya mabati, kati ya frigo. Mujukulu muguu juu ya kasanduku, umefungwa na bande. Alikuwa amejipaka mafuta ku uso, amesuka kichwa. Alikuwa anamutaka bwana yake arudi, njo ile tu. Alikuwa anamuangalia sawa batoto banaangaliaka mulango ya jikoni.

Baba mukubwa ana sauti ya pipa tupu: "Hatukukuya kupasula. Tulikuya kushona. Mutoto yetu alipoteza uso. Uso ya mwanaume haiuzishwake ku soko. Basi sikilizeni: kamyo ni kazi ya banaume. Bibi aache, aikale nyumbani, afungue kaduka. Bantu bakimuona nyumbani, batasahau."

Shangazi: "Ni ile tu. Hatulombe mingi."

Mujomba yetu akaanza kukasirika: banamulomba mutoto aache kazi yenye inalisha bote? Mujukulu akainua mukono. Gari moya ikapita inje, alifwata sauti yake na macho mupaka ikaisha.

"Ninaacha," alisema. "Muguu ikipona, ninarudisha kaske. Ninaacha."

Shangazi akapiga mikono. Baba mukubwa akapumua sawa ngombe. Ilikuwa imekwisha, tulifikiri. Lakini bwana yangu alikuwa angali anaangalia chini, na miye sijue dawa ingine kuliko ile yenye nimetumia maisha yote. Nikasema, "Sasa, bwana yangu, yeye akiikala nyumbani muchana yote, weye na miye tutaonanaka wapi?"

Bakacheka. Bote, ata baba mukubwa, tumbo inarukaruka, ata mujukulu na machozi ku macho. Ilikuwa kicheko ya kupona, ya bantu benye banarudi nyumbani.

Bwana yangu peke hakucheka. Alingoja kicheko yetu iishe. Kisha akainua uso, akamuangalia bibi yake, si miye, yeye, na akasema bila hasira:

"Ata ukiacha. Nikikuangalia weye, ninasikia tu bantu banacheka."